Diski mpya kwa desktopu yako: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Kondele

Niko na kaduka ka kutengeneza kompyuta hapa Kondele, Kisumu, na saiba ya mashine sita upande wa nyuma, na karibu kila wiki kuna mtu anaingia na CPU imefungwa kwa leso akisema imekataa kuwaka. CPU namaanisha ile kesi yote, vile tumezoea kuiita. Mara nyingi ni diski. Na mara nyingi huyo mtu angekuja mwezi mmoja mapema tungebadilisha diski kwa saa moja na hakuna kitu kingepotea. Nimeandika maswali vile huwa nayasikia, na majibu vile huwa nayatoa, ukiwa Nakuru ama Kakamega ama Busia ni yale yale tu.

Kompyuta yangu imekuwa nzito sana, nitajuaje ni diski na sio virusi?

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ile Task Manager itafunguka, angalia pale pameandikwa Disk. Kama imekwama kwa 100% na wewe hujafungua kitu, umeketi tu unaangalia, na memori haijajaa, basi diski ndio inakuchelewesha. Kama ni memori iko 90 na kitu, anza kwa kuongeza RAM, ndio hiyo memori, usinunue SSD, ile diski isiyo na sahani, ukidhani inatibu kila ugonjwa.

Halafu zima redio uweke sikio karibu na kesi. Diski ya kawaida, yaani HDD, ndani iko na sahani zinazozunguka mara 5400 ama 7200 kwa dakika, na mkono mdogo unapita juu yake bila kugusa. Ikiwa nzima unasikia mvumo tu na kamkwaruzo kadogo ikisoma. Ikianza tik, tik, tik, inanyamaza, inajaribu kuzunguka upya, tena tik, tik, tik, huo mkono umeshindwa kupata mahali pake. Hapo usifanye skani, usifomati, usirestati mara kumi, enda moja kwa moja kwa swali la mwisho huko chini.

Hata kama hailii, weka CrystalDiskInfo, ni ya bure. Bluu uko sawa, manjano anza kutafuta pesa, nyekundu umechelewa. Angalia mstari wa 05 na wa C5, huo wa kwanza ni sehemu za diski zilizokufa zikahamishwa, wa pili ni zile ziko njiani. Sifuri ndio tunataka. Ikiwa ni chache lakini wiki hii ziko nyingi kuliko wiki jana, hiyo diski inaenda. Na kitu wengi hawajui, zile namba za upande wa kulia huandikwa kwa mtindo wa hex, kwa hivyo ukiona 64 pale ni 100.

Ninunue SSD ama HDD?

Ya kuweka Windows, SSD, hata usifikirie mara mbili. HDD nzuri ikisoma faili moja kubwa hufika kama 150 mpaka 200MB kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 550 hivi, lakini tofauti kubwa haiko hapo, iko kwa vifaili vidogo vidogo. Windows ikiwaka inaokota maelfu ya vifaili kutoka kila kona ya diski, na kila kifaili ule mkono wa HDD lazima uruke uende ungoje sahani izunguke mpaka pale, milisekunde kadhaa kila mara, zidisha na maelfu. SSD haina mkono wala sahani. Ndio maana mashine ya prosesa ya Intel kizazi cha 4 ambayo ilikuwa inakungojesha dakika tano inawaka chini ya nusu dakika na hujabadilisha kitu kingine chochote.

HDD bado iko na kazi yake. Ukiwa unapiga video za harusi, ama uko na kamera za CCTV, ama unaweka rekodi za kwaya za miaka kumi, bei ya HDD kwa kila GB bado iko chini sana. Kile napenda kufanyia watu ni SSD ndogo ya Windows na HDD kubwa ya vitu, zote mbili ndani ya kesi moja. Ukinunua HDD uliza kama ni CMR ama SMR, kwa sababu SMR huandika mistari ikilaliana kama mabati ya nyumba, ni sawa kwa kuhifadhi lakini ukiandika vitu vingi mfululizo inachoka inakuwa pole pole kabisa. Ya CCTV tafuta zile zimetengenezewa kazi hiyo, WD Purple ama Seagate SkyHawk.

Kuna SATA, M.2, NVMe... yangu inachukua gani?

Hili ndio swali linakula watu pesa, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Desktopu nyingi tunazotumia huku ni ex-UK, Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Kabla utoke nyumbani soma jina kamili la mashine, liko mbele ama kwa stika ya juu, piga picha na simu, halafu fungua kava uangalie bodi na macho yako.

SATA ni ile ya waya. Waya mmoja mwembamba wa data uko na pini 7, mdomo wake umekunjwa kama herufi L, na mwingine mpana wa pawa uko na pini 15. SSD ya SATA ni kale kasanduku bapa ka inchi 2.5, kadogo kama kiganja. Inaingia kwa mashine karibu yoyote ya miaka kumi na tano iliyopita, ukiwa hujui kabisa nunua hii na hutajuta.

M.2 ni kile kijiti chembamba kinachofanana na kipande cha RAM. Kile cha kawaida kinaitwa 2280, upana milimita 22, urefu 80. Sasa hapa ndio mtego uko, M.2 ni umbo tu, ndani yake inaweza kuwa SATA ama NVMe, ile ya kasi zaidi, na sloti nyingine hukubali moja na kukataa nyingine. Angalia meno ya kile kijiti, yenye mkato mmoja mara nyingi ni NVMe, yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA, lakini soma karatasi yake bado.

OptiPlex 7010 ya zamani na 9020, ama EliteDesk 800 G1 SFF (SFF ni ile kesi ndogo), hizo hazina sloti ya M.2 ya diski. Mtu anauziwa NVMe tamu ya 3500MB kwa sekunde anafika nyumbani Mamboleo hana pa kuiweka. Kuna kadi ya adapta ya kuchomeka kwa PCIe, ndio, lakini BIOS, ile programu ya bodi inayoanza kabla ya Windows, kwa nyingi za hizo mashine za zamani haijui kuanzisha Windows kutoka kwa NVMe, kwa hivyo mara nyingi itafaa kama stoo peke yake. Kuanzia OptiPlex 7040 na EliteDesk 800 G2 SFF, sloti iko.

Na usione vibaya ukibaki na SATA. Kwa kazi ya ofisi, iTax, eCitizen, Excel na YouTube, tofauti ya SATA na NVMe huwezi iona na macho. Kutoka HDD kuja SSD ndio safari kubwa, kutoka SATA kuenda NVMe ni hatua ndogo.

Ninunue GB ngapi?

Angalia umetumia ngapi saa hii, zidisha mara mbili. Windows 11 yenyewe inataka angalau 64GB kabla hata ijajaribu kuwekwa. 128 naona ni kujitesa, masasisho machache tu imejaa, na SSD ikijaa pomoni inakuwa nzito. 240 ama 256 ni sawa kwa ofisi na shule, 500 kwa mtu wa picha na michezo.

Mbona nimenunua 1TB na inaonyesha 931GB? Nimeibiwa?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, basi. 500 itakuwa 465, 240 itakuwa 223. Ukiona 1TB inaonyesha 931 hiyo ni sawa kabisa.

Nitajuaje kama SSD ni feki?

Swali zuri, na naomba ulisome mpaka mwisho. Kuna mwalimu alikuja na diski ya nje imeandikwa 2TB, amenunua kwa bei ya chakula cha wiki moja, akaweka video zote za shule, mashindano ya drama, sherehe za siku ya wazazi, kila kitu. Faili zinaonekana, majina yako sawa, ukifungua hakuna kitu ndani. Tulifungua kasha mbele yake. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya memori, ile ya simu, imechomekwa kwa kabodi kadogo kamebandikwa na gundi, na kando kipande cha chuma ili mkononi ihisi nzito. Kile kibodi kilikuwa kimefundishwa kusema uongo, kinaambia kompyuta niko 2TB, ikijaa inaanza kuandika juu ya zile za kwanza bila kusema lolote.

Kwa hivyo fanya hivi. Bei ikiwa chini mno, yaani 2TB kwa bei ya 240GB ya jina, ondoka. Diski za HDD siku hizi duniani zinatengenezwa na kampuni tatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, ukiona jina lingine kwa HDD hiyo ni stika tu juu ya diski ya mtu mwingine, mara nyingi iliyotumika. Ya SSD kampuni ni nyingi lakini Samsung, Crucial, Kingston, WD na SanDisk zina serial namba kwa stika ambayo mara nyingi unaweza kuitumia kuangalia waranti kwa tovuti yao ukiwa bado umesimama dukani, fanya hivyo, muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Nyumbani, kabla uweke kitu chochote, endesha H2testw. Inaijaza diski yote halafu inasoma tena kuona kama kile iliandika ndio inapata. Inachukua masaa, wacha ikae usiku. Ikipata makosa rudisha kesho asubuhi na risiti, na ndio maana risiti unaichukua hata kama umelipa na M-Pesa na ujumbe uko kwa simu, iandikwe jina la bidhaa, namba yake na siku za waranti.

Je, ya mtumba ni sawa?

HDD ya mtumba inaweza kuwa sawa kama unaijua historia yake, na CrystalDiskInfo itakuonyesha masaa imefanya kazi. Mwaka mmoja bila kuzima ni masaa 8,760, kwa hivyo ukiona 35,000 hiyo imekesha miaka minne kwa seva ya mtu. Mwambie muuzaji aichomeke mbele yako. Lakini ujue hayo masaa yanaweza kurudishwa sifuri na mtu mwenye nia mbaya, na mwanzo wa 2025 hilo jambo lilijulikana sana huko Ulaya, diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya na wauzaji wa kati. Ya Seagate kuna rekodi nyingine ndani inaitwa FARM ambayo ilibaki na ukweli, unaisoma kwa Linux na programu ya smartctl.

SSD ya mtumba kwangu ni la, isipokuwa umeona afya yake iko 90% na zaidi. Kila SSD imeandikiwa kiasi cha kuandikwa, Kingston A400 ya 240GB kwa mfano imeandikiwa 80TB. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni nyingi, ukiandika 20GB kila siku ya Mungu utachukua karibu miaka 11. Lakini ya mtumba hujui mwenyewe alikuwa anaandika nini.

Nihamishe Windows yangu ama nianze upya?

Kama mashine ilikuwa inafanya vizuri na ina programu ambazo ukiondoa huwezi pata tena, kama ile ya hesabu za duka ama ya maabara, kloni, yaani kopi diski yote vile ilivyo kuenda kwa mpya. Kama imejaa takataka za miaka sita, anza upya, na usiogope laiseni, Windows 10 na 11 huhifadhi haki yake ikifungamana na bodi, sio diski, kwa hivyo ukiweka toleo lile lile kwa SSD mpya na uunganishe intaneti inajikubali yenyewe. Utahitaji flashi ya 8GB na programu ya Rufus kwa kompyuta nyingine.

Ya kukloni utahitaji kebo ya adapta ya USB kuenda SATA, na programu. Clonezilla ni ya bure na nzuri lakini kwa kawaida inakataa diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani iko na vitu kidogo, lazima upunguze patisheni kwanza. Samsung wako na yao ya bure ukinunua diski yao, Crucial na WD hukupa ya Acronis. Na jambo moja ambalo limechanganya mafundi wengi, ukimaliza kukloni zima mashine, toa ile ya zamani, uwashe na mpya peke yake. Ukiacha zote mbili ziko na kitambulisho kimoja, Windows inachanganyikiwa, na unaweza kufurahia SSD wiki nzima kumbe bado unatumia ile ya zamani.

Ikiwa diski ya zamani ni mgonjwa, usikloni kwanza. Kopi picha na hati zako kwanza, kloni baadaye ikiwa bado iko hai.

SSD itanisaidia nipate Windows 11?

Peke yake hapana. Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa kuanzia Intel kizazi cha 8 hivi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiwa na mashine ya kizazi cha 4 na SSD mpya, kwa saiba yangu mashine mbili za hivyo nimeziweka Linux Mint, wateja wanaingia kwa KRA na HELB kupitia Firefox na hakuna mtu amelalamika.

Naifunga aje mimi mwenyewe?

Mos mos. Nusu saa inatosha, na hii ndio sehemu ninapenda zaidi kwa kazi yangu yote.

Zima kompyuta kabisa, chomoa waya wa stima, halafu bonyeza kitufe cha kuwasha ukikishikilia kwa sekunde kumi, ile stima iliyobaki ndani itoke. Laza kesi kwa meza, sio kwa zulia. Gusa chuma cha kesi na mkono mtupu kabla uguse bodi. Kama uko Nakuru na ni ile miezi ya kiangazi, safisha vumbi kwanza na brashi laini nje ya nyumba, huko vumbi ni la kweli, hata jina la mji linasemekana limetoka kwa Wamaasai wakimaanisha mahali pa vumbi.

Dell nyingi zinafunguka bila bisibisi, unavuta kitasa na kava linatoka, diski iko kwa kafremu ka plastiki ka buluu, unabinya pande mbili linatoka. HP hutumia skrubu zenye kichwa cha nyota, T15, lakini nyingi zina mkato katikati kwa hivyo bisibisi bapa inaingia. Piga picha ya waya vile zilikuwa kabla ugusa kitu. Nasema kila mara na watu hawapigi.

SSD ya inchi 2.5 ni ndogo kuliko nafasi ya diski ya inchi 3.5, kwa hivyo nunua kabraketi, ni kitu cha bei ndogo. Skrubu hazifanani, za HDD kubwa zina meno mapana, za SSD ni M3 zenye meno laini, na ukilazimisha ile ya HDD kwa SSD utaharibu shimo na waranti inaenda. Ukihisi skrubu inakataa mzunguko wa kwanza, sio nguvu inahitaji, ni skrubu nyingine. Kaza mpaka isimame, basi.

Sasa waya. Ule mdomo wa L unaingia upande mmoja tu, geuza mpaka ukae wenyewe, usisukume. Ukivuta waya wa zamani shika kichwa chake, kuna kachuma kadogo ka kubonyeza, usivute kwa mkia. Kwa mabodi ya kizazi cha 3 yenye chipu ya Q77 porti mbili tu ndio za 6Gb kwa sekunde, zingine ni nusu yake, kwa hivyo SSD ipe porti ya kwanza, mara nyingi imeandikwa SATA0. Na kwa OptiPlex 9020 ama EliteDesk 800 G1 usishangae ukikosa waya wa pawa kutoka kwa pawa saplai, hizo hutoa pawa ya diski kwa bodi yenyewe kupitia kebo maalum. Usikate waya, usichune, ukitaka kuongeza diski ya pili nunua kebo ya kugawanya.

Ya M.2 ni rahisi zaidi, ingiza ikiwa imeinama kama nyuzi 30 mpaka meno yapotee ndani, ibonyeze ilale, funga kaskrubu kake kadogo. Hako kaskrubu kakianguka kwa zulia utakatafuta mpaka jioni, weka kitambaa cheupe chini.

Kabla ufunge kava, washa uone.

Nimefunga lakini haionekani kabisa

Kwanza angalia kama BIOS inaiona. Dell bonyeza F2 ikiwaka, HP F10, Lenovo nyingi F1. Isipoonekana hapo ni waya ama porti, badilisha waya kwanza, waya wa zamani hufa kimya kimya.

Ikionekana kwa BIOS na Windows haiionyeshi, hiyo sio shida hata kidogo, diski mpya huja tupu. Bonyeza kitufe cha Windows na X, chagua Disk Management, itakuuliza aina ya mgawanyo wa diski, GPT ama MBR, chagua GPT, halafu bonyeza kulia kwa ile nafasi nyeusi utengeneze volyumu mpya. Ukichagua MBR na diski ni zaidi ya 2TB, kile kinazidi hapo hutakitumia.

Ikikataa kuwaka kutoka kwa diski mpya, angalia mpangilio wa kuwaka kwa BIOS, ama tumia menyu ya haraka, F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Ukipata skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE baada ya kukloni, mara nyingi mtu amebadilisha hali ya SATA, Dell nyingi hutoka zikiwa RAID On na mtu akaweka AHCI, rudisha vile ilikuwa. Na kama tarehe inarudi nyuma kila ukizima, ni betri ya CR2032 kwa bodi, badilisha, kwa sababu tarehe ikiwa mbaya hata tovuti zinakataa kufunguka na utalaumu diski bure.

Nifanye defrag kwa SSD?

Usifanye na programu za nje. Windows inajua yenyewe, inafanya TRIM, ile ya kuambia SSD nafasi gani zimefutwa, kwa ratiba yake, iache.

Stima ya huku itaiua?

Stima kupotea na kurudi, kupotea na kurudi, huua diski nyingi huku, HDD hasa kwa sababu ikikatwa ikiwa inaandika inaacha mambo nusu. SSD pia inaweza kupoteza kile ilikuwa inaandika. Nunua UPS, hata ndogo, ya kukupa dakika tano za kuzima vizuri, na angalia betri yake kila mwaka kwa sababu UPS yenye betri imekufa ni ekstensheni tu.

Halafu radi. Kisumu mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa jioni, ama Kakamega ambako radi ni jambo la kila wiki msimu wa mvua, kuzima swichi haitoshi, chomoa waya kwa ukuta. Na chomoa ule waya wa intaneti pia. Watu wanachomoa stima wanasahau ule, na nimeona bodi zimeungua kuanzia kwa porti ya intaneti.

Ile diski ya zamani niifanyie nini?

Kama bado nzima inunulie kasha la USB ikuwe ya bekapu. HDD ni nzuri kwa hiyo kazi, SSD ikikaa kabatini bila stima kwa muda mrefu inaweza kusahau polepole.

Kama unaiuza, ile fomati ya haraka haifuti kitu, inafuta orodha tu, na vijana wanarudisha kila kitu kwa programu ya bure. HDD iandike juu yote, toa tiki kwa Quick Format na uache imalize. SSD tumia amri ya kufuta salama kwa programu ya mtengenezaji ama kwa BIOS. Wenzangu wenye saiba, diski zetu ziko na vitambulisho vya watu, PIN za KRA, vyeti vya KCSE. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, huyo ni mtu alikuamini akakupa kitambulisho chake ukiskani.

Naweza kutumiwa diski na matatu?

SSD bila shida. HDD omba ifungwe kwa sponji pande zote, iandikwe isirushwe, na iwe mbele kwa dereva, sio kwa keria. Ikifika siku hiyo hiyo angalia CrystalDiskInfo, usikae nayo wiki mbili halafu useme ilikuja mbovu.

Diski imekufa na vitu vyangu viko ndani. Sasa?

Pole sana. Zima. Hilo ndio la kwanza na ndio watu hawafanyi, kila dakika inazunguka ikigonga inaweza kuwa inakwaruza sahani zako.

Kuna mama wa Nyalenda, mhasibu wa chama chao, alikuja asubuhi kabla hata sijafungua mlango vizuri. Akaniambia, "Kijana wangu, hapa kuna miaka sita ya akina mama thelathini, nani alilipa, nani anadaiwa, na sina pahali pengine." Nikamuuliza imegonga tangu lini. Akasema tangu Jumapili. Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameiwasha kila siku akiomba itulie.

Nilichomeka kwa mashine ya Linux nikaendesha ddrescue, hiyo inakopi kila sehemu inayosomeka kwanza, inaruka zile mbaya, halafu inarudia mbaya baadaye pole pole, na inakumbuka ilifika wapi hata stima ikipotea. Ilikaa siku mbili na usiku wake. Tukapata karibu zote, folda ya mwaka mmoja ilienda, na walilazimika kukaa chini na vitabu vya risiti wahesabu upya. Siku hizi analeta HDD yake ya USB kila mwisho wa mwezi kwa mfuko wa kitenge, tunakopi, na nakala nyingine iko kwa mwenyekiti huko Migosi, nyumba tofauti, ili mwizi ama moto usichukue zote.

Kama kompyuta haiioni kabisa hata kwa BIOS, ama haizunguki, mimi sina vifaa vya hiyo, na mafundi wengi huku hawana. Hiyo inafunguliwa kwa chumba kisicho na vumbi kabisa, kwa sababu kile kichwa cha ule mkono kinaelea karibu sana na sahani kiasi kwamba chembe ya vumbi kwake ni jiwe. Tafuta wataalamu wa kuokoa data, uliza bei kabla, uliza kama unalipa wakishindwa. Usiiweke kwa frija, maji yatajikusanya ndani na yataimaliza. Na ukiona fundi amechukua bisibisi anataka kufungua diski yenyewe hapo kwa meza ya kaunta, feni inapiga na mlango uko wazi, chukua diski yako mkononi uondoke nayo.